Zamu Yangu Iliyoliwa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka niliishia wapi. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya Mkuu wa Karakana, mikono ina grisi, naye ananiambia kwamba nafasi yangu ya kwenda kusomea injini kubwa amepewa fundi mwenzangu, Msumari.

Kwa ambaye hakuwapo, nitafupisha. Mimi ni fundi wa ndege. Mke wangu ni daktari wa watoto. Tuna binti mmoja, tunamwita Kinda, kwa sababu alizaliwa mdogo mno hata nguo za watoto wachanga zikawa zinamvaa yeye badala ya yeye kuzivaa.

Mimi na mke wangu tulikuwa na makubaliano. Tuliyafanya kitandani, Kinda akiwa amelala katikati yetu. Atangulie mke wangu kusomea ubingwa, mimi nishike nyumba na mtoto. Akimaliza yeye, inakuwa zamu yangu.

Akasoma. Mimi nikaomba kazi za asubuhi tu, nikakataa safari zote, nikajifunza kusuka nywele. Kule karakana wakanibandika jina la Mama Mlezi. Sikujali. Mtu anayejua zamu yake inakuja haumizwi na utani.

Na kweli ikaja. Kampuni ilileta ndege ambazo injini zake hakuna kati yetu aliyewahi kuzifungua. Akatakiwa fundi mmoja aende ng'ambo mwaka mzima akazisomee. Jina langu likatangulia. Nilipompa mke wangu habari hiyo alinikumbatia, akasema, "Umengoja sana, Baba Kinda. Nenda."

Sasa nafasi ni ya Msumari.

Nilimwuliza Mkuu nimekosa nini.

Mkuu wetu ni mtu wa maneno machache. Injini ikilia vibaya anainamisha kichwa, anasikiliza, anaonyesha kwa kidole, basi. Siku hiyo alivua miwani, akainuka, akaenda kufunga mlango. Sikuwahi kuuona ule mlango umefungwa. Akaniambia nikae. Nikamwambia nitachafua kiti. Akasema kiti kitafutwa, kaa.

Akaniambia sijakosa chochote. Akasema angekuwa yeye angefanya vilevile, na kwamba mwanamume anayemtanguliza mtoto wake anastahili kuvuliwa kofia. Ndege hazitaisha duniani, akasema, zamu yangu itarudi.

Nikamwambia kwa heshima yote, Mkuu, sikuelewi.

"Mkeo alikuja," akasema. "Alikaa hapohapo ulipokaa. Akanieleza habari za mtoto."

"Habari gani za mtoto?"

Akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kitu asichokitarajia.

"Za moyo wake," akasema.

Ndipo akanieleza yote, polepole, huku akinitazama usoni kuona ni lini nitasema nilikuwa najua. Mke wangu alimfuata siku ambayo mimi sikuwa kazini. Alikuja na koti lake jeupe. Akamwambia Kinda ana tundu kwenye moyo na atapasuliwa, kwamba mimi siwezi kumwacha mtoto katika hali hiyo, lakini nina haya na nina kiburi, sitakuja kusema mwenyewe. Akamwomba aniondoe kwenye safari kimyakimya. Akamwomba pia asiniambie kwamba yeye alifika.

"Nilidhani ninakusitiri," Mkuu akasema.

Nilikaa kwenye kile kiti, nikaanza kuunganisha mambo.

Kwa wiki kadhaa watu wa karakana walikuwa wema kwangu kupita kiasi. Msumari, ambaye hajawahi kumwazima mtu hata bisibisi, alikuwa akinimalizia kazi ili niwahi kumchukua mtoto. Mama wa stoo alimnunulia Kinda mwanasesere. Jina la Mama Mlezi lilikufa ghafla, hakuna aliyelitamka tena. Nilidhani wananiaga. Kumbe walikuwa wananipa pole.

Karakana nzima ilijua habari za moyo wa mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Na nitawaambia nilichowaza, kwa kuwa tulikubaliana nisiwafiche kitu. Sikuwaza kwamba mwanangu anaumwa. Niliwaza kwamba mke wangu amedanganya. Mtoto ninamwogesha mwenyewe, ninamlisha mwenyewe, najua hata meno yake yanayotikisika. Moyo wenye tundu ningeukosaje? Nikasema, huyu mwanamke hataki niende. Ameshapata chake, amekuwa bingwa, sasa ametunga ugonjwa akamvisha mtoto ili mimi nibaki kupika.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimevaa koti jeupe.

Mkuu aliniambia niende nyumbani. Nikaenda kunawa. Msumari akanifuata kwenye bomba, akasimama pembeni akizungusha kofia mikononi.

"Sikuiomba ile nafasi, ndugu yangu," akasema. "Mara ya kwanza niliikataa, mpaka Mkuu aliponieleza ya mtoto."

Niliendelea kusugua mikono mpaka ngozi ikauma, na bado grisi ilibaki kwenye kucha.

Nilitaka kwanza kumsikia mwanangu. Shule zilikuwa zimefungwa, na jana yake dada yangu mkubwa alikuja kumchukua akakae naye siku chache. Begi nililipanga mimi. Nguo za kulalia, mswaki, kitabu cha kupaka rangi, kandambili. Dada yangu alisimama pale sebuleni akinitazama nikikunja nguo, akaniambia nisisahau sweta, kwake kuna baridi.

Nikampigia nikiwa njiani. Nikamwambia nipe Kinda nimsalimie.

Akasema Kinda anacheza nje na watoto wa jirani.

Nikamwambia mwite, nitasubiri.

Kisha akasema ametoka kwenda dukani na shangazi wa jirani.

Mtoto mmoja, kwa pumzi mbili, alikuwa mahali pawili. Na kabla sijasema lolote, nyuma ya dada yangu nikasikia sauti ya mwanamke kwenye kipaza sauti. Ilikuwa ikimwita daktari fulani afike wodi ya watoto.

Dada yangu akakata simu.

Mpaka hapo nilikuwa na hasira, na hasira ina utamu wake, inakubeba. Sasa ilinitua chini. Mtu akidanganya kwamba mtoto anaumwa, hamlazi mtoto hospitali.

Nikageuza njia kwenda hospitali anakofanya kazi mke wangu. Pale wananijua. Wauguzi huniita shemeji, hunitania kwamba nimemwoa daktari ili nisilipie dawa. Siku hiyo yule wa mapokezi aliniona nikiingia, akageukia ukutani akawa anasoma tangazo ambalo nadhani ameshalisoma maisha yake yote.

Nikapanda ngazi. Dada yangu alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, begi la Kinda mapajani. Lilelile nililolipanga. Amelikumbatia kama mtu aliye kituo cha basi.

Aliponiona hakusema pole, wala hakunisalimu.

"Nani amekuambia?" akauliza.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu. Huyu ndiye dada aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nilimwuliza mtoto yuko wapi. Akasema yuko ndani, yuko salama, ni mzima. Nikamwuliza mzima anafanya nini hapa. Akasema nimwulize mke wangu, kwani yeye dada alikula kiapo asiseme.

"Kiapo kwa nani?"

"Kwa wifi yangu."

"Na mimi ni nani wako?"

Akainamisha kichwa juu ya begi. Akaanza kulia bila sauti, mabega tu yanatikisika. Sikumbembeleza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwacha dada yangu analia nikapita.

Sikufika mbali. Mke wangu alitoka mlangoni, kifaa cha kusikilizia kikining'inia shingoni. Alituona sote wawili, akaelewa. Hakukimbia, hakukana. Aliniambia kwa sauti ndogo, twende huku.

Akaniingiza kwenye chumba cha chai cha madaktari. Chumba chenyewe ni kama kabati. Sinki moja, vikombe visivyooshwa, makoti yametundikwa, kiti chenye mguu mbovu. Akafunga mlango akauegemea.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Nikamwambia machache tu. Nikamwambia ulikwenda kwa Mkuu wangu ukamdanganya kwamba mtoto anaumwa.

"Sikumdanganya," akasema.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Ilibidi nilisikie lile neno mara ya pili, kichwani mwangu mwenyewe, ndipo nikae kwenye kile kiti kibovu.

Basi akanieleza. Ilikuwa ile siku dada wa kazi alipofiwa akaondoka alfajiri. Niliikumbuka. Mimi nilikuwa na ndege iliyokuwa lazima irudi angani kabla ya adhuhuri, yeye alikuwa na wodi nzima inamngoja, tukasimama jikoni tukibishana nani akose kazi. Kila mmoja alikuwa ameshakosa sana. Nilimshinda kwa maneno, akamchukua Kinda akaenda naye kazini.

Alimkalisha kwenye chumba hikihiki na kalamu za rangi. Daktari mwenzake akaingia kunywa chai, akaanza kumchezesha mtoto. Akamwekea kifaa kifuani, amwambie moyo wake unasema nini. Alikuwa anafanya mzaha. Akamwambia unasema, nataka biskuti. Kisha akanyamaza. Akakihamisha kifaa. Akanyamaza tena. Halafu akatoka kwenda kumwita mke wangu.

"Mwenzangu aliusikia akiwa na kikombe cha chai mkononi," mke wangu akasema. "Mimi ninasikiliza mioyo ya watoto wa watu kutwa kucha. Wa kwangu nilikuwa sijausikiliza tangu aanze kutembea."

Nikamwambia lakini Kinda haumwi. Ni mtoto mtulivu tu.

Nilipolisema hilo tukatazamana.

Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa fahari yetu. Marafiki walitutembelea na watoto wao wanaoruka juu ya viti, wanaovunja glasi, nasi tukakaa tunatabasamu. Wetu hasumbui. Wetu unampa kitabu anakaa pale ulipomwacha mpaka urudi. Wazazi wawili wanaofanya kazi kama zetu wataomba nini zaidi? Nilikuwa namwambia kila mtu kwamba Mungu alituonea huruma, akatupa mtoto anayelingana na ratiba zetu.

Kumbe mwanangu hakuwa na nguvu za kusumbua.

Nilimwuliza mke wangu amelijua jambo hili tangu lini. Akasema tangu kabla ya mvua.

Mvua zilikuwa zimenyesha zikaisha. Nilikuwa nimelala ubavuni kwake muda wote huo. Tulikula meza moja, tukacheka, tukagombana kuhusu bomba linalovuja. Alinikumbatia akaniambia nimengoja sana, niende, huku analijua hili. Na wiki ileile, kama si kesho yake, akavaa koti lake akaenda kunivua ile safari nyuma ya mgongo wangu.

"Ningeiacha mwenyewe," nikamwambia. "Ungeniambia mtoto anaumwa, ningeiacha mwenyewe, siku hiyohiyo, bila kuambiwa na mtu. Hata hilo hukuniachia. Ulininyang'anya safari, ukaninyang'anya hata nafasi ya kuitoa mwenyewe."

Hapo machozi yakamtoka. Lakini hakuomba msamaha, na nitawaeleza kwa nini.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Aliingizwa chumba cha upasuaji kwa tumbo, jambo dogo, tukaambiwa kesho atakuwa anakula. Hakutoka. Mama yetu alikaa pale nje akiwa ameshika viatu vya mtoto, na nadhani hakuinuka tena moyoni mpaka naye tulipomzika. Nimekuwa na neno langu tangu siku hiyo. Nililisema tulipooana. Nikalirudia mezani mwaka jana, mtoto wa jirani alipopelekwa kukatwa mafindofindo. Nilisema, wa kwangu hatapitishwa kisu nikiwa hai.

"Ulilisema ukiwa umemshika Kinda mapajani," mke wangu akasema. "Nilikuwa nakutazama. Hukuwa unatania."

Nikamwambia sikuwa natania.

"Basi ningekuambia nini? Ungekataa. Na ungekataa ukiwa baba, nisingekuwa na pa kwenda. Angebaki hivi, mtulivu, mapafu yakiharibika kidogokidogo, mpaka siku tungempeleka na kuambiwa tumechelewa. Wifi alilijua hilo. Hata yeye alimzika mdogo wenu, lakini alikubali. Nilichagua unichukie mtoto akiwa mzima."

"Hukunipa hata nafasi ya kukataa," nikasema. "Ulinihukumu kwanza. Kesi yangu uliisikiliza peke yako."

Akafuta uso kwa mkono wa koti. Akasema alitaka niwepo, ndiyo maana alikwenda kwa Mkuu. Hakutaka Kinda azinduke halafu mimi niko ng'ambo. Alipanga kuniambia leo jioni, Kinda akishaamka, nije nimwone anapumua, hapo hata nikimfukuza nyumbani atakwenda.

Nilisikia maneno mengi katika hotuba hiyo, lakini moja ndilo lililonisimamisha.

"Leo?" nikauliza.

"Leo," akasema. "Wanamwandaa sasa."

Sikumbuki nilivyofungua ule mlango. Nakumbuka dada yangu akiinuka kwenye benchi na begi likianguka. Nakumbuka muuguzi akisema shemeji, shemeji, ngoja kwanza. Sikungoja.

Kinda alikuwa ameketi kitandani, amevalishwa gauni la kijani linalofungwa mgongoni. Lilikuwa kubwa, limemmeza, ametokeza kichwa na vidole tu. Kichwani wamemvisha kofia ya kitambaa. Nywele nilizomsuka juzi zilikuwa zimefichwa zote.

Aliponiona hakushangaa sana. Akanipa mkono kama mtu mzima.

"Baba, umerudi na ndege gani?" akauliza.

Nikamwambia sijaenda popote, mwanangu.

"Mama alisema umeenda ng'ambo kusoma. Akasema watu wakiniuliza niseme hivyo." Kisha akafikiri. "Nimeshasema kwa wengi."

Nilidhani ni maneno ya mtoto. Nilidhani amechanganya. Nikakaa kitandani nikamshika mkono, nikamwuliza kama anaogopa. Akasema haogopi, ila ana njaa, hawajampa kitu tangu aamke. Akaniuliza kama mimi nimekula. Hata katika njaa yake alikuwa mtulivu, na safari hii ule utulivu ulinichoma.

Mke wangu aliingia akasimama miguuni mwa kitanda. Dada yangu akabaki mlangoni.

Kisha akaingia mama mmoja wa makamo, mfupi, amevaa nguo za chumba cha upasuaji, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Ana sura ya mtu aliyeamka mapema maisha yake yote. Akamsalimia Kinda kwanza, kwa jina lake kamili. Akamwuliza ameota nini. Ndipo akaniona.

"Karibu," akaniambia. "Wewe ni mjomba?"

"Mimi ni baba yake."

Akatabasamu, kama ninayetania. Kisha tabasamu likaondoka. Akageuka kumtazama mke wangu.

"Daktari," akasema, taratibu kabisa, "uliniambia baba wa mtoto yuko ng'ambo, masomoni. Uliniambia mmezungumza kwa simu na amekubali."

Mke wangu akainamia shuka la Kinda, akaanza kulinyoosha.

Naomba mlielewe hili kama nilivyolielewa mimi pale. Kule kazini kwangu, mke wangu alisema sitaweza kusafiri kwa sababu ya mtoto. Huku hospitali akasema nimeshasafiri, nimemwacha mtoto na upasuaji wake nikafuata masomo. Kule nilikuwa baba mwema aliyepoteza safari. Huku nilikuwa baba wa kwenye simu. Kumbe ndiyo maana yule wa mapokezi aligeukia ukutani. Hakuwa anaona haya. Alikuwa amemwona mtu ambaye hapaswi kuwa nchini.

Na mtoto wangu, ambaye hajui kudanganya, alifundishwa kuniweka ng'ambo.

Nilikuwa nimeshaanza, Mungu ananijua, nilikuwa nimeshaanza kumwelewa mke wangu kule kwenye chumba cha chai. Mtu akikudanganya kwa hofu unaweza kutafuta njia ya kumfikia. Lakini huyu alikuwa ametengeneza waume wawili kutoka kwangu, kila mahali akampeleka yule aliyemfaa, na mimi mwenyewe hakuniita hata mara moja.

Yule mama wa upasuaji alivuta kiti akakaa, macho yetu yakalingana.

"Baba," akasema, "mimi nimezaa na nimezika, sitakuzungusha. Tundu lipo na ni kubwa. Likizibwa sasa, mwanao atakimbia kama wengine. Tukingoja, mapafu yataanza kuharibika, na yakiharibika sitakuwa na la kufanya. Chumba kiko tayari. Lakini simgusi mtoto kwa ruhusa iliyotolewa na mtu ambaye hakuwapo. Nataka kuisikia kwako. Unaruhusu?"

Nilimwona mdogo wangu. Nawaambia kweli, nilimwona, na nikaviona viatu mkononi mwa mama. Nikasikia dada yangu pale mlangoni akivuta pumzi, naye alikuwa anaviona vilevile.

Nikajua jibu langu. Lakini kulikuwa na jambo jingine, kubwa kuliko jibu.

"Nitakujibu," nikamwambia yule mama. "Ila si mbele ya huyu. Mwambie atoke."

Dada yangu akaniita kwa jina langu la utotoni. Sikugeuka.

Mke wangu alisimama palepale. Kisha akavua kifaa cha kusikilizia shingoni. Akavua koti jeupe, akalikunja, akampa muuguzi aliyekuwa karibu. Ndani alikuwa amevaa blauzi ya nyumbani, ile ya njano yenye doa la rangi za Kinda.

"Daktari ametoka," akasema. "Mama yake habanduki."

Akaja upande wa pili wa kitanda, akakaa. Sasa Kinda alikuwa katikati yetu.

Yule mama wa upasuaji hakuingilia. Alitazama saa ya ukutani mara moja tu, akarudisha macho kwangu. Nje, kwenye korido, nilisikia magurudumu ya kitanda yakija, yakasimama mlangoni.

Kinda alinitazama, akamtazama mama yake, akanitazama tena. Alikuwa bado amekishika kidole changu chenye grisi kwenye ukucha. Akakivuta.

"Baba," akasema, "huyu bibi amekuuliza. Mbona humjibu?"